Safari Isiyo ya Lazima

Tiketi nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Arica hadi Patacamaya, Alhamisi, saa tatu asubuhi,
kiti cha kumi na nne, dirishani.
Fermín anaizunguka kama inzi na kidonda.
Hasemi. Anachota chumvi,
anairudisha tiketi pale pale, ikiwa imepinda.

Redioni Wizara imetoa neno:
raia waahirishe safari zote zisizo za lazima.
Nimeirudia sentensi hiyo nikiosha zeituni,
nikaigeuza ulimini kama kokwa.
Isiyo ya lazima.
Nani aliyeipima, na kwa mizani ipi?
Alichungulia kabati langu
akaliona gauni hili jeusi la mwaka mzima,
lililochanika viwikoni,
ambalo Jumamosi linatimiza siku zake?

Maana kwetu mfiwa hajivui mwenyewe.
Mama alituacha wawili, mimi na Hilaria,
yeye huko juu, ng'ambo ya mpaka, penye hewa haba,
mimi huku chini kwenye chumvi na ukungu,
na vifungo vya gauni viko mgongoni.

Braulio mwanangu amenionyesha picha kwenye simu:
matairi yanafuka, lori la saruji limelala ubavu,
mwanamke amekalia ndoo katikati ya barabara kuu
kama anayesubiri mgao wa maji.
"Mama, huyu si..."
Nikavaa miwani.
Kofia ile nilimnunulia mimi.

Usiku nikampigia.
"Ni wewe kwenye yale mawe?"
"Ni zamu ya mtaa wetu. Jumatatu na Alhamisi."
"Hilaria, Alhamisi ndiyo naja."
Kimya. Upepo wa kwao ukaikwaruza simu.
"Dizeli hakuna, siku ya ishirini na mbili leo.
Unga umepanda mara tatu. Tukae ndani tufanye nini?"
"Na basi langu?"
"Basi halipiti. Hata gari la askofu halikupita.
Utashuka kizuizi cha kwanza, utembee,
kilomita sita hivi. Vaa raba.
Mabegi wanabeba vijana wa baiskeli, patana bei kabla.
Ukisikia mlio, lala. Kisha inuka."

Alivyosema "kisha inuka",
ungedhani ananipa mapishi.

"Dada yako mwenyewe anakufungia njia," akasema Fermín,
"nawe unamfuata."
Kweli. Nilitaka kumjibu kwamba damu ni nzito kuliko maji,
nikaona haya; methali ni rahisi
kwa aliyeketi jikoni kwake.
Nina miaka sitini na mmoja. Goti la kushoto limekufa ganzi.
Na risasi haiulizi
umekuja kwa matanga au kwa siasa.

Nisipokwenda, Jumamosi nitasimama mbele ya kioo,
nimejipinda mikono mgongoni kama mahabusu,
nikivipapasa vifungo kimoja kimoja.
Nikienda, huenda nikavuliwa na nisiowajua,
hospitalini, kwa mkasi.
Hapo nilikaa muda mrefu. Chai ikapoa.

Kampuni ya basi inasema nauli hairudishwi,
ila tarehe inaweza kusogezwa, bila malipo, mara moja.
Ya mama haisogezwi.

Jumatano jioni Fermín ameingia na raba za Braulio,
amesokota magazeti akayajaza vidoleni.
"Zimekuzidi namba moja," akasema, hakunitazama.
Na Hilaria ameandika, herufi zote kubwa,
kama kawaida yake:
JIWE LA MWISHO KUSHOTO NDILO JEPESI.
NITAKUWA NIMELIKALIA.

Sijasema naenda.
Nimezifunga kamba, basi,
natembea toka jiko hadi lango, lango hadi jiko,
Fermín mlangoni na kalamu nyuma ya sikio,
anahesabu.