Hesabu ya Karanga

Pasua, Moshi. Nakaanga karanga kwa mchanga,
Ndekirwa ananiuliza babu alirudi na nini kutoka Kongwa.

Kikohozi, mwanangu, na spana moja.
Wazungu walileta matrekta yaliyochoshwa na vita,
wakang'oa pori kwa minyororo ya meli,
wakapanda bila kuwauliza Wagogo
mvua ya kwao huja mwaka gani.

Jua likauchoma udongo ukawa tofali.
Karanga zikabaki chini
kama senti ndani ya kibubu kisichopasuka.

Shika hizi mbichi kumi. Ni mbegu.
Panda.
Haya, nirudishie tano, ndiyo mavuno.

"Na tano nyingine, mama?"

Ndivyo babu yako alivyomuuliza bwana shamba;
jioni hiyohiyo akakabidhiwa nauli.

Koroga, zinaungua.