Lisemwalo Lipo, Ukurasa wa Ngapi?

Sura ya nne ilirudi imechubuka.
Niliandika: "Kama inavyojulikana,
nusu ya dagaa huoza kabla ya kufika sokoni."
Dakta Kaijage, kwa wino mwekundu:
Inajulikana na nani?
Na chini yake, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi:
Lisemwalo lipo. Lipo ukurasa wa ngapi?

Usiku ule Malimbe umeme ulikatika,
nikaifuata ile nusu kwa tochi ya simu.
Ripoti ya mwaka juzi ikanituma kwa kitabu,
kitabu kikanituma kwa makala,
makala ikanituma kwa mkutano wa zamani,
na mkutano ukasema: mazungumzo.
Bila jina. Bila tarehe.
Miaka thelathini tumekuwa tukinukuu
mdomo wa mtu aliyekuwa akinywa chai.

Nikaifuta. Iliniuma.
Ilikuwa sentensi nzuri, imekaa vizuri mdomoni.

Nikaazima mizani, nikaenda Kirumba, Mwaloni.
Nabwire Magesa, chanja ya tatu kutoka majini,
alinitazama nikipima dagaa wake wabichi,
kisha wakavu,
kisha walionyeshewa wakawa chakula cha kuku.
Siku kumi na tisa.
Ukaja mwezi mpevu, mitumbwi ikalala,
nami nikakesha na safu za tarakimu
zisizokubali kusema nilichotaka.

Haikuwa nusu. Wiki za jua haikufika hata robo,
wiki ya mvua ilipita nusu,
na mvua peke yake haikuwa na kosa:
wenye chanja walipoteza kidogo,
waliotandaza mchangani ndio waliolia.
Sentensi moja ikawa kurasa kumi na moja,
aya juu ya aya
kama nyumba za Mabatini juu ya mawe:
ukichomoa jiwe la chini
usiulize ya juu imekwenda wapi.

"Umeniandika?" aliuliza Nabwire.
"Tanbihi ya arobaini na mbili. Chini, kwa herufi ndogo."
Akataka nimsomee. Nikasoma.
"Herufi ndogo si neno," akasema, akigeuza dagaa,
"lakini Jumanne ile walioharibika walikuwa kilo sita.
Saba ulipima na ndoo."

Nikarudi Malimbe kimya.
Sita.
Nikaanza jedwali upya.