Kageha Anasikia kwa Taya

Ukulele ililetwa Jumanne, imefungwa kwa leso,
haina uzi hata mmoja.
Mwenyewe, muuguzi wa zahanati ya Mudete,
alisema, "Nifungie nyuzi nzuri, nitapita Ijumaa."
Nzuri.
Mimi fundi wa redio na miavuli, hapa Chavakali,
nikalikalia neno hilo usiku kucha
kama mtu aliyekalia msumari.

Nilianza na nailoni nyeusi ya dukani,
inayong'aa kama viatu vya bwana harusi.
Unaikaza, inakubali. Unageuka, imeshuka.
Chini ya kidole ni laini, laini mno,
na sauti yake ni ya mviringo, haina kucha,
uji uliokosa ndimu.

Nikamwita Kageha, jirani yangu.

Kageha ameendesha kinu cha posho miaka kumi na tisa
nyuma ya Kanisa la Marafiki,
na kinu kimejilipa kwa masikio yake.
La kulia limekwenda lote.
La kushoto limebakiziwa ngurumo.
Mkinicheka, nichekeni:
nilitaka mtu ambaye utamu hauwezi kumhonga.
Akaegemeza mbao kwenye taya, pale penye mfupa,
akafumba macho. "Piga."
Nikapiga.
Akasugua kidole gumba na cha shahada,
vile anavyopima unga ukitoka mdomoni mwa mashine.
"Gredi ya kwanza," akasema. "Umekobolewa, hauna pumba.
Mtoto atashiba upesi na kuona njaa upesi."

Jumatano nikashuka Kisumu, soko la Kibuye,
nikanunua uzi wa kuvulia, kwa mita, unene wa aina tatu,
angavu, kama maji yaliyofundishwa kusimama wima.
Muuzaji akauliza, "Ni wa mbuta au wa ngege?"
"Wa muziki."
Akanipunguzia shilingi kumi, nadhani kwa huruma.

Huo ni mgumu. Unaacha mfereji kwenye ncha ya kidole
na sauti yake inatoka mbio, kali, safi,
imeshafika ng'ambo ya barabara
kabla kidole hakijainuka.
Kageha aliruka kidogo.
"Jiwe jipya hili! Unga bado una moto."
Kisha, akijipapasa taya: "Lakini usimpe mtu asubuhi."

Alhamisi, kano.
Kijana mmoja wa Kimilili atengenezaye litungu
alinitumia mbili, zimeviringwa ndani ya gazeti,
zinanuka zizi.
Kano ina nywele. Inakukwaruza kama ulimi wa ndama,
na haianzi kulia papo hapo; inakohoa kwanza,
halafu inaongea chini chini, na haimalizi.
Kageha alikaa na taya lake pale
hata baada ya mkono wangu kutulia.
"Wimbi," alisema.
Sikujua kama ametaja nafaka
au kile kilichokuwa kikipita mfupani mwake.
Sikumuuliza. Angenisikiaje?

Ila kano na mvua ya Maragoli hazipatani.
Saa tisa, mawingu yakishuka tu, inalegea kama mlevi.
Basi nikachanganya:
uzi wa kwanza, wa kuvulia; wa pili, wa kuvulia;
wa nne pia, yule mtukutu anayelia juu kuliko wa tatu
ingawa amekaa upande wa wazito,
kitindamimba katika kiti cha babu.
Wa tatu nikafunga kano.
Nailoni nikaanikia soksi.

Ijumaa muuguzi akaja, akapiga mara moja, wima,
mkoba ukiwa begani.
"Iko sawa," akasema.
Akalipa, akaenda zake.
Kageha, mlangoni pa kinu, mweupe kwa unga hadi kwenye kope,
alinitazama, akagusa taya, akainua nyusi.
Nikatikisa kichwa: hajauliza.

Saa tisa mvua ikapiga mabati.
Nikaweka bisibisi chini, nikawaza uzi wa tatu,
huko Mudete,
ukianza kushuka.