Mataruma ya Chaki

Asubuhi mume wangu haamki, anaamshwa vipande vipande:
bega kwanza, kisha shingo
iliyogoma kama bawaba ya geti lililoliwa na kutu.
Nikimvuta mkono unakuja kwa mafungu,
tik, tik, tik, gia yenye meno.
"Polepole, Athieno, mimi si gogo."
Gogo lingekuwa jepesi, namwambia, na lisingedai chai.
Hapo anacheka.
Nimeishi naye miaka arobaini, ndiyo maana najua;
usoni mwake hakisogei kitu.

Uso huo ndio uliomchongea.
Hapa Agururu walisema Ofwono ana kiburi siku hizi, hasalimii.
Kwenye chungu cha malwa mrija ulimtetemeka mkononi,
wakasema kalewa kabla hajaonja.
Shemeji akatuletea mtu kutoka Nagongera,
akachimba chini ya kizingiti, akaibuka na mfupa:
shilingi elfu themanini.
Mfupa wenyewe naufahamu.
Ni wa kuku wetu wa Pasaka.

Mbale, Daktari Nambozo, binti mdogo mwenye viatu vya raba,
alimwambia andika jina lako, mzee.
Herufi zilianza kubwa, zikaishia sisimizi.
Na huyu alijaza madaftari ya reli miaka thelathini na mmoja,
mwandiko ambao makarani walikuwa wakiuonyeshana!
"Pakinsoni," akasema daktari. Akaandika vidonge.
Akasema pia kwamba haponi, wala hakuzungukazunguka.
Nilimheshimu kwa hilo.
Nilimchukia kwa hilo mpaka tukapita Nabumali.

Kidonge kinamfungua saa tatu, pengine mbili na nusu.
Ndani ya saa hizo ananyoa ndevu, anafunga vifungo,
anagombana na redio.
Kisha mwili unarudi kumfungia, kuanzia vidole vya miguu,
bila kubisha hodi.
Karanga zangu nne debe ni vidonge vya mwezi,
mwezi ambao karanga zipo.

Lakini shida hasa ni mlango.
Uani anakwenda. Akifika mlangoni, basi:
magoti yanachezacheza, nyayo hazibanduki,
kiwiliwili kimeshatangulia kwenda, miguu haijapata habari.
Nimemsukuma. Nimembembeleza.
Siku moja nilimtukana, na mjukuu akasikia.

Ni huyohuyo mjukuu, Apio, aliyekuja na chaki
(sikuuliza kaitoa wapi)
akachora vyumba vyake vya kuruka kwa mguu mmoja,
barazani, kupita mlangoni, hadi kwenye kiti cha babu.
Ofwono akaganda pale, akaitazama ile mistari
kama mtu anayesoma barua.
Akainua mguu.
Akaukanyaga wa kwanza, wa pili, wa tatu,
akaingia ndani kwake kama mwenye nyumba.
"Mataruma," akasema.

Maana alikuwa mkaguzi wa njia.
Kutoka Tororo hadi Malaba kwa miguu, nyundo begani,
akigonga, akisikiliza msumari uliolegea,
taruma hadi taruma, hatua yake ilikatwa kwa kipimo hicho.
Ubongo umepoteza mengi. Hilo halikuwa limeandikwa huko.

Sasa kila jioni nachora njia:
kitandani, mlangoni, chooni.
Mvua inafuta, ufagio unafuta, kuku wanafuta,
na mwalimu ameanza kuuliza habari za chaki.

Jana usiku umeme ulikatika na vidonge vilikuwa vimekwisha.
Nikamsikia amesimama gizani, anahema, hasemi.
Mistari haikuonekana. Tochi ya simu ilikuwa imekufa.
Nilishuka kitandani, nikapapasa hadi nikayapata magoti yake,
nikaulaza mguu wangu mbele ya wake, kwa upana.
Tukangoja.
Akauvuka.
Nikaweka wa pili. Akauvuka.
Tulipofika mlangoni akausimamisha ukaguzi,
akaugusa wayo wangu kwa kidole gumba cha mguu.
"Hili," akasema, "limeoza. Liandikiwe, libadilishwe."