Bega Moja

Asubuhi nashusha unga Nyali,
mlango wa nyuma, bega la kushoto.
Adhuhuri nashusha Majengo:
bega lile lile, robota pacha,
kinu kimoja cha Shimanzi, tarehe moja ya kusagwa.

Nyali, pakiti mia mbili na kumi.
Majengo, mia na sabini na mbili.

"Kule watu hununua baridi ya mashine,"
aliniambia Mwachiro, dereva wetu,
"na vigae, na bawabu wa kusalimu magari.
Unga wapewa nyongeza tu."

Nikacheka, nikaamini,
hadi Mwanasiti aliponikunjulia risiti jamvini.
Majengo unga rahisi, naam,
lakini sukari imewazidi Nyali kwa shilingi kumi na tano.
"Unga ni chambo," akasema. "Ndoana i kwenye sukari."

Sasa ana ramani yake kichwani:
unga Majengo, sukari Makupa,
mafuta Nyali, Jumanne ya ofa, basi.
Hurudi magharibi na akiba ya shilingi arubaini,
anihesabie moja moja kiganjani,

kisha avue viatu.
Soli imeliwa upande mmoja.
Hiyo hakuna aliyeiandikia risiti.