Pointi Moja ya Kukosa

Mpira wenyewe ulikuwa na umbo la yai,
mwekundu, umechubuka ncha zote mbili.
Mwenyewe alikuwa Mwaustralia, mpimaji wa barabara,
aliyelala wiki tatu katika nyumba ya wageni ya reli
akaondoka bila kumlipa dobi.
Dobi alikuwa mama yetu. Akauchukua mpira kufidia deni.
Hivyo ndivyo kaka yangu Ambundo alivyopata kazi yake ya maisha:
kwa mashati kumi na mawili na suruali tano.

Makongeni nzima hakuna aliyeujua mchezo.
Ukiudundisha, unakwenda unakotaka,
kama mtoto aliyetumwa dukani akaachiwa chenji.
Wavulana wakacheka: "Huo unataga lini?"
Ambundo hakujibu. Aliupiga ukutani alfajiri na jioni
mpaka akajua kila ncha ikigusa lami
itamgeukia wapi.
Mimi nilihesabu. Nilikuwa na miaka tisa.

Sheria zilikuja baadaye, kwa posta.
Mpimaji alituma kijitabu na radhi; pesa hakutuma.
Milingoti minne kila upande, bila mwamba wa juu.
Ukipitisha katikati, pointi sita.
Ukikosa, lakini ukakosa kwa karibu,
pointi moja.
Mama aliposikia aliweka pasi chini.
"Mtu analipwa kwa kukosa?"
"Kwa kukosa karibu, Mama."
"Basi huo mchezo haukutungwa Nairobi."

Tulichimbia milingoti ya mkaratusi nyuma ya karakana,
na kufikia Jumatatu majirani walishafunga kamba za nguo.
Ndiyo sababu Ambundo alipiga mikwaju ya juu siku zote:
alijifunzia kuvusha mashuka ya Mama Sewe.

Wakapatikana kumi na wanane:
polisi wawili, kinyozi, mwalimu wa kemia,
bawabu wa usiku aliyecheza nusu akisinzia.
Jumamosi, Jamhuri, watazamaji ni mimi na ng'ombe watatu.

Alikwenda kwao mpira huo mara moja tu, kwa harambee.
Mechi tano, wakafungwa zote tano.
Katika ya nne aliruka, goti mgongoni mwa jitu lenye ndevu,
akaudaka mpira juu ya vichwa vyote.
Kuna picha. Miguu yake haigusi kitu chochote cha dunia hii.
Akapewa mkwaju, king'ora kimeshalia,
akakosa kwa upana wa kiganja.
Refa wa goli akainua kidole kimoja.

Nilimuuliza kulikuwaje huko.
"Nyasi, Kageha," akasema. "Ukianguka hazikuandiki."

Goti lilikatika Jamhuri, wiki ya mvua za Aprili,
wala hapakuwa na mtu karibu naye.

Reli iliajiri arobaini; yeye alikuwa wa arobaini na moja.
Akanirudia nyumbani, kidole juu.
Dada ya mwalimu wa kemia alimpenda mwaka mzima
kisha akaolewa Eldoret. Kidole.
Kile kiwanja cha Kayole, stakabadhi zote, ila muhuri mmoja.
Sikucheka tena. Lakini nilihesabu.

Sasa anauza viatu vya mtumba Gikomba.
Mpe njumu, ataitazama soli
akuambie mwenyewe alipigia mguu gani,
na kama alikuwa mwoga.

Juzi usiku soko liliwaka.
Nilifika kumekucha, nimevaa ndara zisizolingana.
Safu nzima ilikuwa majivu, vibanda ishirini na kitu,
moto umekuja hadi kwenye bati lake la kushoto,
umelikunja kama karatasi,
ukasimama.

Alikuwa ameketi juu ya gunia, uso masizi matupu,
mpira wa yai mapajani, umepauka, hauna upepo.
Hakusema neno.
Aliinua kidole.
Nami, kwa mazoea, nikaongeza moja.