Kijiti cha Oili

Pijo ya marehemu baba, injini ya Toyota.
Nsabi alikata sampo isigonge mhimili,
akachomelea, akapaka silikoni.
Kijiti kikasema: imejaa.

Lakini kila tukikata kona ya Isevya
taa nyekundu inawaka,
na chini, ko, ko,
kama mtu aliyefungiwa stoo.

Tukabadili pampu. Filta. Strena.
Nikauza madebe mawili ya asali.
Bado, ko.

Jana, akikifuta kijiti,
Nsabi akacheka peke yake:
"Hiki ni cha injini ya mzee!"

Tukaongeza lita moja na nusu.
Taa ikazimika.
Mgongo ukapungua, haukuisha.

Kijiti sikukitupa. Kiko juu ya kabati,
bado kinasema imejaa.